Rais Roosevelt na Benki Zilizofungwa

Upande wa mashariki wa nchi ya Marekani uko mto mkubwa uitwao Hudson, nao hushuka mpaka mji wa New York na kuingia baharini. Kando ya mto huo, mahali paitwapo Hyde Park, alizaliwa Franklin Delano Roosevelt, tarehe 30 Januari mwaka wa 1882. Wazazi wake walikuwa matajiri. Walikuwa na nyumba kubwa na mashamba na farasi na watumishi, na mtoto huyu alikuwa wa pekee kwa mama yake, kwa hiyo alitunzwa kama mboni ya jicho. Hakujua njaa, wala hakupata kuvaa nguo iliyotatuka. Mtu aliyemwona siku zile asingalidhani ya kuwa mtoto huyo atakuja kutumainiwa na wenye njaa wa nchi nzima.

Kwanza alifundishwa nyumbani. Hata alipokuwa na umri wa miaka 14 akapelekwa shule ya bweni iitwayo Groton, na baadaye chuo kikuu cha Harvard, kisha akajifunza sheria katika mji wa New York. Mwaka wa 1905 alimwoa Eleanor, binti wa ukoo wao wa mbali, ambaye wazazi wake walikuwa wamekwisha kufa. Baba mkubwa wa Eleanor, Theodore Roosevelt, ndiye aliyekuwa Rais wa Marekani wakati ule, naye ndiye aliyemwoza. Tangu hapo Franklin alitamani kuifuata njia ya mzee huyo. Mwaka wa 1910 alichaguliwa kuingia katika baraza la jimbo la New York. Mwaka wa 1913 akafanywa msaidizi wa waziri wa manowari, akaishika kazi hiyo wakati wote wa vita vya 1914 mpaka 1918. Mwaka wa 1920 akagombea cheo cha Makamu wa Rais, lakini chama chake kilishindwa vibaya. Alikuwa kijana mrefu, mwenye sura nzuri na kicheko kingi, na wako watu waliomwona kuwa mwepesi, mtu wa maneno mengi na mawazo machache.

Mwezi wa Agosti mwaka wa 1921 alikwenda na jamaa yake kupumzika katika kisiwa cha Campobello, ambacho ni cha nchi ya Canada. Siku moja waliona moto msituni, wakaenda kuuzima. Wakiwa wamechoka na kujaa masizi wakaoga katika maji baridi, wakarudi nyumbani mbio. Roosevelt akaketi na nguo zake mbichi, akasoma barua zake, mara akasikia baridi mwilini. Akalala. Asubuhi mguu mmoja ulikuwa mzito, na baada ya siku chache miguu yote miwili haikuweza kumchukua. Yalikuwa maradhi ya kupooza yaitwayo polio, ambayo aghalabu huwapata watoto. Yeye alikuwa na miaka 39. Tangu siku hiyo mpaka kufa kwake hakwenda tena kwa miguu yake pasipo msaada.

Mama yake alitaka arudi Hyde Park, akae kimya katika nyumba ya urithi, atunzwe kama mgonjwa. Eleanor alikataa. Aliona ya kuwa mumewe akiacha kazi zake atakufa moyo kabla ya kufa mwili. Basi Roosevelt akaanza kujifunza upya mambo ambayo mtoto huyajua, yaani kuketi, kujiinua, na kusimama akiwa amefungiwa vyuma miguuni tangu kiunoni hata nyayoni. Mwaka wa 1924 alisikia habari za chemchemi ya maji ya moto katika jimbo la Georgia, mahali paitwapo Warm Springs. Maji yale hayakumponya, lakini yalimpa nguvu na raha. Baada ya miaka 2 akapanunua mahali pale kwa sehemu kubwa ya mali yake, akapafanya pawe pa wagonjwa wote wa kupooza.

Alipokuwa Georgia alitengenezewa motokaa iliyoendeshwa kwa mikono tu. Akazunguka nayo katika njia za mashamba, akasimama mbele ya vibanda vya wakulima wa pamba na kuongea nao akiwa ndani ya gari, kwa kuwa hakuweza kushuka. Huko aliona ardhi iliyochakaa, na watoto pekupeku, na wakulima wenye deni lisilokwisha. Aliona pia ya kuwa umeme katika Warm Springs ulilipiwa mara nne ya bei ya Hyde Park, na wakulima wengi hawakuwa nao kabisa. Mtoto wa tajiri hujifunza mambo kama haya kwa nadra, naye hakuyasahau. Mwaka wa 1928 watu wa New York wakamchagua kuwa gavana wa jimbo lao.

Mwaka uliofuata ukaja msiba. Katika miaka ile Wamarekani walikuwa wameshikwa na tamaa ya kununua hisa, yaani vipande vya umilikaji wa makampuni. Bei zilipanda kila mwezi, na watu wengi walikopa fedha ili wanunue, wakitumaini kuuza kwa bei kubwa zaidi na kulipa deni lao. Ikafika siku ya Alhamisi tarehe 24 Oktoba 1929, na tena Jumanne tarehe 29, ambapo wauzaji walikuwa wengi mno na wanunuzi hawakuonekana. Bei zikaanguka, zikaendelea kuanguka kwa muda wa karibu miaka 3. Hisa iliyouzwa dola 100 katika mwaka wa 1929, aghalabu katikati ya mwaka wa 1932 haikupata zaidi ya dola 11 au 12.

Kama hasara ingaliishia kwa wenye hisa, wengine wangalisikitika kidogo na kwenda shambani. Lakini mambo ya biashara yameshikana kama nyuzi za wavu. Waliopoteza mali waliacha kununua vitu. Wenye viwanda wakakosa wanunuzi, wakawaachisha watu kazi. Walioachishwa kazi nao wakaacha kununua, na viwanda vingine vikafungwa. Hata mwanzo wa mwaka wa 1933 karibu mtu 1 katika kila wafanya kazi 4 hakuwa na kazi, na jumla yao ilikuwa kama milioni 13. Walioshindwa kulipa kodi za nyumba walijenga vibanda vya mbao na mabati kandokando ya miji. Wakulima mashamba yao yalipigwa mnada.

Watu wa Afrika ya Mashariki wanaijua njaa iletwayo na ukame, na ile iletwayo na nzige. Njaa hii ya Marekani ilikuja ghala zikiwa zimejaa. Mijini watu walisimama safu ndefu wakingoja mkate na supu ya sadaka, na katika mashamba ya mbali wakulima walichoma mahindi katika majiko yao, kwa kuwa bei ya mahindi ilikuwa chini kuliko ya makaa. Mwenye chakula hakupata fedha, na asiye na fedha hakupata chakula. Shida ikavuka bahari pia. Bei ya katani na kahawa ilianguka katika Tanganyika na Kenya, na watu wasiopata kuiona Marekani wakapunguziwa ujira kwa sababu ya mambo yaliyotokea huko.

Rais wa wakati ule alikuwa Herbert Hoover. Hakuwa mtu mbaya. Katika vita vya kwanza ndiye aliyesimamia kazi ya kuwapelekea watu wa Ubelgiji chakula, akaokoa maisha mengi. Lakini aliamini ya kuwa serikali kuu ikimpa mtu fedha mkononi itamvunja nguvu na kumwondolea heshima, na ya kuwa majimbo na vyama vya sadaka ndio wenye wajibu huo. Mwaka wa 1932 alianzisha shirika la serikali la kuyakopesha mabenki na makampuni, lakini maskini waliona ya kuwa msaada umekwenda kwa wakubwa. Vile vibanda vya mabati wakaviita kwa jina lake. Uchaguzi ulipofika mwezi wa Novemba mwaka ule, Roosevelt alimshinda katika majimbo 42 kati ya 48.

Kwa desturi ya siku zile Rais mpya hakushika kazi mpaka tarehe 4 Machi. Katika miezi ile 4 ya kungoja, hali ikawa mbaya kuliko zote, maana hofu iliingia katika benki.

Yafaa kueleza jinsi benki inavyofanya kazi, kwa kuwa asiyejua hilo hawezi kuelewa yaliyofuata. Mtu akipeleka dola 100 benki, benki haizifungi zote sandukuni. Huweka akiba kidogo kwa ajili ya wale wanaokuja kuchukua, na zilizobaki huwakopesha wenye maduka, wakulima na wajenzi wa nyumba, nao huzirudisha polepole pamoja na riba. Siku za amani jambo hili halina hatari, kwa sababu watu hawaji wote siku moja kudai fedha zao. Bali wakisikia uvumi kwamba benki itafilisika, kila mmoja hukimbia ili awahi kabla ya mwenzake, na hapo hata benki nzuri haiwezi kuwalipa wote. Ni kama abiria wa jahazi. Wakiogopa kuzama na kukimbilia wote upande mmoja, hofu yenyewe hulipindua jahazi ambalo lingefika salama.

Tangu mwaka wa 1930 mpaka 1933 kama benki 9,000 za Marekani zilianguka, na akiba za watu zikapotea pamoja nazo. Mzee aliyeweka akiba miaka 30 alikuta mlango umefungwa. Kwa hiyo walio na fedha wakazitoa, wakazificha chini ya magodoro na ndani ya makopo. Magavana wakaanza kuamuru benki za majimbo yao zifungwe, na asubuhi ya tarehe 4 Machi 1933 karibu nchi nzima haikuwa na benki iliyo wazi kwa kazi zake zote.

Siku hiyo, Jumamosi, Roosevelt aliapishwa katika mji wa Washington. Alifika penye jukwaa akiwa ameshika mkono wa mwanawe James, na vyuma miguuni vikimshikilia. Majuma 2 kabla ya hapo mtu mmoja alikuwa amempiga risasi katika mji wa Miami. Zikamkosa, zikampata Meya wa Chicago aliyekuwa karibu naye, ambaye alikufa tarehe 6 Machi. Roosevelt hakuonyesha woga. Aliwaambia watu ya kuwa nchi yao ina mali tele na nguvu tele, na ya kuwa adui wao mkubwa ni ile hofu iliyowafunga mikono. Tena ya kuwa hatangoja, bali atatenda.

Akatenda. Tarehe 6 Machi aliamuru benki zote za nchi zifungwe kwa siku chache, hata zile zilizokuwa nzima. Jambo hili laonekana la ajabu, kuponya ugonjwa wa kufungwa kwa kufunga zaidi. Lakini mbio zilikoma, maana hapakuwa na mlango wa kukimbilia. Wakati huo maofisa wa fedha, wengine wao watu wa Hoover waliobaki kusaidia, walifanya kazi mchana na usiku kutengeneza sheria. Tarehe 9 Machi Bunge lilikutana, likaipitisha sheria hiyo siku ile ile, hata wabunge wengi hawakupata nakala ya kuisoma. Kwa sheria hiyo serikali ilipewa nguvu ya kukagua vitabu vya benki. Benki nzima zifunguliwe, zenye udhaifu zisaidiwe, na zilizooza zisifunguliwe tena. Na noti mpya zichapishwe ili benki zisipungukiwe.

Hata hivyo sheria haiwezi kumwamuru mtu aamini. Ikabaki kazi ya kusema na watu, nayo Roosevelt aliifanya mwenyewe. Jioni ya Jumapili tarehe 12 Machi aliketi mbele ya redio katika Ikulu, na watu kama milioni 60 wakamsikiliza majumbani mwao. Hakuhutubia kama wanasiasa wahutubiavyo. Alisema kwa utulivu, kama mtu anayeongea na jirani zake. Akawaeleza benki hufanya nini na fedha zao, na kwa nini zilifungwa, na zipi zitafunguliwa kesho na zipi kesho kutwa, na ya kuwa fedha zitakuwa salama zaidi katika benki iliyokaguliwa kuliko chini ya godoro. Hakuwaahidi ya kuwa hakuna atakayepata hasara. Maneno magumu ya wenye fedha aliyageuza yakawa maneno ya kila siku.

Jumatatu asubuhi benki za miji mikubwa zilifunguliwa. Watu walikuwapo tena wamesimama safu, lakini safari hii walileta fedha. Walizileta katika mifuko na makopo yale yale waliyozifichia, na kabla ya mwisho wa mwezi huo sehemu kubwa ya fedha zilizofichwa ilikuwa imerudi. Sheria nyingine ya mwaka ule ikaweka bima, kwamba tangu tarehe 1 Januari 1934 benki yenye bima ikianguka, mwenye amana atalipwa mpaka dola 2,500. Watu walipojua hayo hawakuwa tena na sababu ya kukimbia, na kuanguka kwa benki kukapungua sana.

Benki zilikuwa mwanzo tu. Wasio na kazi walikuwa bado milioni nyingi. Roosevelt alimwita Harry Hopkins asimamie fedha za kuwasaidia, naye, akiwa ameketi penye meza iliyowekwa njiani, aligawa zaidi ya dola milioni 5 katika saa 2 za kwanza. Lakini Hopkins na Rais waliona ya kuwa mtu mzima hapendi kupewa bure, hupenda kufanya kazi. Kwa hiyo vijana wanaume wasiooa walipelekwa kambini kupanda miti, kuzuia mmomonyoko wa udongo na kutengeneza njia za misituni, kwa dola 30 kwa mwezi, na katika hizo kama dola 25 zilipelekwa kwa wazazi wao. Kazi hiyo ilidumu mpaka mwaka wa 1942, na miti waliyopanda ilipata kama bilioni 3. Katika bonde la mto Tennessee yalijengwa mabwawa ya kuzuia mafuriko na kutoa umeme, na tangu mwaka wa 1935 serikali iliwakopesha wakulima wenye kuungana ili wapeleke nyaya mashambani. Wengine walijenga shule, madaraja na viwanja vya ndege. Mwaka huo wa 1935 Waziri wa Kazi, Frances Perkins, mwanamke wa kwanza kuingia katika Baraza la Mawaziri la Marekani, alifanikiwa kupata sheria ya kuwapa wazee malipo ya uzeeni na kuwasaidia walioachishwa kazi.

Si yote yaliyofaa. Ili bei za mazao zipande, serikali iliwalipa wakulima wapunguze kilimo, na mwaka wa 1933 pamba iliyokwisha mea ililimwa na kufukiwa, na nguruwe wapata milioni 6 walinunuliwa wakachinjwa. Sehemu ya nyama walipewa maskini, na nyingi iliharibika. Ni vigumu kumweleza mwenye njaa sababu ya jambo hilo. Tena malipo yale yalikwenda kwa wenye ardhi, na wengi wao waliwafukuza wakulima wasio na ardhi waliolima kwa kugawana mazao, weupe na weusi. Sheria ya malipo ya uzeeni iliwaacha nje vibarua wa mashambani na watumishi wa nyumbani, na watu weusi wengi wa Marekani ndio waliofanya kazi hizo. Na iliposhauriwa itungwe sheria ya serikali kuu dhidi ya makundi yaliyowaua watu weusi bila hukumu, Roosevelt hakuitetea, kwa kuwa aliogopa kuwaudhi wabunge wa kusini aliowahitaji kwa sheria zake nyingine. Eleanor alimsihi sana, asifanikiwe. Hilo ni doa katika maisha yake, sawa na amri yake ya mwaka wa 1942 iliyowaondoa makwao watu zaidi ya 100,000 wenye asili ya Kijapani na kuwaweka kambini.

Wala ukosefu wa kazi haukwisha upesi. Mwaka wa 1937 Rais alidhani ya kuwa ugonjwa umepona, akapunguza matumizi ya serikali. Ugonjwa ukarudi, na mwaka wa 1938 wasio na kazi walikuwa tena kama milioni 10. Ni vita vya pili vya dunia, pamoja na viwanda vyake vya silaha, vilivyompa kazi karibu kila aliyeitaka. Hata hivyo watu walimchagua mwaka wa 1936 katika majimbo 46, wakamchagua tena mwaka wa 1940 na wa 1944. Hapana Rais mwingine wa Marekani aliyechaguliwa mara 4, na tangu mwaka wa 1951 katiba ya nchi ile inakataza kuchaguliwa zaidi ya mara 2.

Vita vilimchosha. Mwezi wa Aprili mwaka wa 1945 alikwenda Warm Springs kupumzika, na tarehe 12, alipokuwa ameketi akichorwa picha, aliumwa ghafula na kichwa, akazimia, akafa siku ile ile. Alikuwa na miaka 63. Mwili wake ulichukuliwa kwa gari moshi mpaka Hyde Park, na watu walisimama kandokando ya reli mchana na usiku kuliona likipita. Akazikwa katika bustani ya nyumba aliyozaliwa.

Mwaka wa 1938 alikuwa ameanzisha mfuko wa kupigana na maradhi ya kupooza. Watu waliombwa wapeleke Ikulu senti 10 tu kila mtu, na barua zilimiminika kwa maelfu, nyingi zikiwa na sarafu za watoto. Kwa fedha za mfuko huo madaktari walitafuta dawa ya kukinga, na mwaka wa 1955, miaka 10 baada ya kufa kwake, chanjo ya polio ilithibitishwa kuwa inafaa. Wakati huo sura ya Roosevelt ilikuwa imekwisha pigwa juu ya sarafu ya senti 10, tangu mwaka wa 1946, nayo ingali hapo.